Kutoka Kagerankanda Kwenda Kasulu: Nyumba Katika Kiwanja Kidogo

Mwaka huu nilimsindikiza dada yangu kutoka Kagerankanda kwenda Kasulu mjini, akaone mahali ambapo mwanawe anataka kumjengea. Dada ni mjane, na miguu yake haina nguvu ya kulima tena. Mwanawe ana kazi mjini, naye amenunua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Jambo lilikuwa jema. Hata hivyo safari ile ilitaka kuishia kwa machozi, na sababu yake ilikuwa karatasi moja ya ramani.

Kwanza niwaeleze mahali tulipotoka. Kagerankanda ni nchi ya miombo, nyuki na muhogo. Wazee wetu walikaa katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, kila mji umezungukwa na mashamba yake, na jirani yako ni yule ambaye ukipaza sauti atakuitikia. Kisha ikaja Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, na familia nyingi za mkoa huu zikapangwa katika vijiji, nyumba kwa safu kando ya barabara. Wengi walilalamika kwamba wamebanwa. Kumbe hata hapo walibaki na nafasi nyuma ya nyumba. Kwa dada yangu leo utakuta nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, jiko limesimama peke yake, choo kiko mbali karibu na migomba, na katikati pana uwanja uliofagiliwa. Uwanjani ndipo maisha yake yalipo. Hapo anaanika muhogo, anapepeta maharage, anawasuka wajukuu nywele, na anapokea kila apitaye na kusema, “Mwakeye!”

Tulitoka alfajiri kwa pikipiki hata njia kuu, tukapanda basi. Mpwa wangu alitupokea kwa heshima. “Shikamoo mama. Shikamoo mjomba.” Baada ya chai akakunjua ramani yake mezani. Fundi mmoja alikuwa amemchorea nyumba ya mita 14 kwa 13, ikae katikati ya kiwanja: vyumba vinne, sebule kubwa, jiko la ndani, choo na bafu ndani. Kwa kweli ilipendeza machoni. Dada akaitazama kwa kitambo, kisha akauliza neno moja tu:

“Muhogo nitaanika wapi, mwanangu?”

Kijana akacheka. Mama hakucheka. Akaendelea kuuliza: chumba chake ni kipi? Akaonyeshwa. Ili afike chooni usiku ilimpasa apite mbele ya mlango wa mwanawe na mkewe. “Mimi ni mkwe wa huyu binti,” akasema taratibu. “Sitapita hapo. Afadhali nibaki kwangu.”

Mimi sikulaumu upande wowote. Kijana alitaka kumpa mama yake heshima, na kwake heshima ni vyumba vingi. Lakini hebu tupige hesabu. Kiwanja kina mita za mraba 400. Nyumba ile ingemeza 182. Zingebaki 218, ambazo ni nyingi kuliko nyumba yenyewe! Ila kwa kuwa nyumba imewekwa katikati, ardhi iliyosalia imekatwa vipande vyembamba: mita tatu huku, mita tatu kule, mita tatu na nusu mbele na vivyo hivyo nyuma. Hizo ni njia za kuku, wala si uani.

Kabla ya kuamua neno, tulikwenda Ujiji kwa jamaa zetu wa ndoa, tukala migebuka, na nikamwomba mpwa wangu azitazame nyumba za zamani za mji ule. Watu wa pwani waliokuja na misafara ya biashara katika karne ya 19 waliacha huko mtindo wao wa kujenga, ndio ule ule utakaouona katika nyumba za zamani za Kariakoo, Dar es Salaam. Mbele kuna baraza ya wageni. Katikati ukumbi mwembamba, vyumba kushoto na kulia. Nyuma kabisa uani, wenye jiko, stoo na choo. Viwanja ni vidogo na majirani wamekaribiana sana, lakini mwenye nyumba hakutawanya nafasi yake. Ameikusanya yote mahali pamoja, akaizungushia ukuta. Mama wa nyumba ile alikuwa ameanika dagaa kwenye jamvi, watoto wanacheza, na mtu wa barabarani hawaoni. Dada yangu alikaa hapo hata jua likashuka.

Tuliporudi Kasulu tukamwita fundi mwashi mwingine, mzee mwenye maneno machache. Yeye hakuanza na vyumba. Aliuliza barabara iko upande gani, maji ya mvua yanateremkia wapi, na choo cha jirani kiko wapi. Barabara ni kusini. Basi akachora nyumba ndefu na nyembamba, mita 15 kwa 7, mita tatu tu kutoka barabarani, kuta zake ndefu zikielekea kaskazini na kusini. Huku kwetu jua la asubuhi na la jioni hupiga mashariki na magharibi, kwa hiyo pande hizo akazipa kuta fupi na madirisha machache. Upenu akautoa kwa sentimita 80, mvua isilowanishe kuta. Ubavu mmoja aliacha mita moja na nusu, na mwingine mita tatu na nusu, ili gari lipate kuingia siku ya kunyonya shimo la choo.

Nyuma ya nyumba zikabaki mita kumi nzima, kwa upana wote wa kiwanja. Pembeni mwa uani huo akaweka chumba cha mama, mita nne kwa nne, chenye mlango wake, baraza yake na choo chake kidogo. Vyumba vya kulala ndani vikapungua kutoka vinne hata vitatu.

Mpwa wangu alitaka pia kuchimba kisima. Mzee akatikisa kichwa. Kisima chapaswa kuwa mbali na shimo la choo, walau mita 30, na katika kiwanja cha 20 kwa 20, hata ukipima kutoka pembe hata pembe, hupati zaidi ya mita 28. Na bado hujahesabu shimo la jirani! Ni afadhali maji ya bomba, na ya mvua kutoka juu ya bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyanda zetu hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, na tuhesabu mita za mraba 120 tu za bati la nyumba hii: hata ukipoteza sehemu ya tano, unabakiwa na lita 96,000. Tangi la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa masika, litampa mama madumu mawili kila siku kwa miezi minne ya kiangazi.

Kuhusu matofali walibishana kidogo. Ya kuchoma ndiyo tuliyoyazoea, lakini kila tanuri hula kuni nyingi, na misitu yetu tunaiona inavyopungua. Wakachagua ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana bila kuchomwa. Ghorofa hawakuitaka, ingedai msingi na nguzo za namna nyingine tangu mwanzo, na fedha haipo.

Fedha yenyewe itatosha kuanza na chumba cha mama, jiko, choo na vyumba viwili. Vingine vitafuata. Mke wa mpwa wangu ndiye aliyesema chumba cha mama kitangulie.

Siku ya kupiga vigingi dada aliupima uani kwa hatua zake, akisimama kila mara kupumzika. Akahesabu jamvi la muhogo, kamba ya nguo, shina moja la ndizi. Mwanawe akamwuliza kama sasa atakuja. Akamjibu kwamba kwanza avune maharage, kisha atakuja kuona jinsi jua linavyoingia mlangoni mwake.