Kitabu Sahihi cha Plau ya Marehemu



Juma hili nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Limetendeka mbali na bahari yetu, huko Butali, Kaunti ya Kakamega, ukweni kwangu. Nilikwenda nchi ile ningali kijana kusomesha madrasa Mumias, mji ambao misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikiufikia tangu karne ya 19, nikajaaliwa kuoa binti wa Kabras. Butali ni nchi ya miwa. Ukisimama kando ya barabara iendayo Webuye, huoni ila miwa na matrekta yanayoikokota kuelekea viwandani.

Marehemu baba mkwe wangu aliacha shamba, trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 135, na plau ya diski. Warithi waliridhiana kwamba trekta na plau vibaki mkononi mwa mama mkwe, majirani walimiwe kwa malipo, na pato hilo lisomeshe wajukuu wawili mayatima. Mimi nikakabidhiwa amana ya kusimamia.

Trekta lilikuwa zima. Plau ndiyo iliyokuwa imelala chini ya mparachichi, diski zake mbili zimelika kingo na beringi zimeshika kutu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara mbili na mizani yake, na shemeji zangu wakaanza kuona afadhali iuzwe. Nikawaomba muda hadi mvua za Machi.

Kwa msiyoijua plau hii, nitaieleza kwa ufupi. Diski ni sahani kubwa ya chuma iliyobonyea katikati. Haichimbi kwa kuburutwa kama jembe la ng'ombe, bali huzunguka, na kwa kuzunguka hukata mizizi na kupanda juu ya visiki bila kuvunjika. Ndiyo maana hupendwa penye mashina ya miwa. Kwa kawaida hukaa mshazari kwa digrii 42 hadi 45 kuelekea mwendo wa trekta, na hulala nyuma digrii 15 hadi 25. Kila diski hushikwa na habu yenye beringi ndani. Ukizidisha kuikaza, beringi huungua; ukiilegeza, diski huyumba. Vipimo hivyo havikisiwi, na kila mtengenezaji ana vyake.

Basi nikatafuta kitabu cha maelekezo. Trekta lilikuwa jekundu la Massey Ferguson, plau nayo nyekundu, nikaona jambo liko wazi. Nikanunua nakala ya kitabu cha plau ya Massey Ferguson yenye diski mbili, nikaipeleka kwa fundi wa pale sokoni Butali. Aliipekua, akaitazama plau, akaniambia kwa upole:

"Sheikh, naona kama kitabu hiki si cha plau hii. Hapa kwenye habu mna vipande vyembamba vya bati, na kitabu hakivitaji."

Nikamjibu kwamba kitabu kimeandikwa na wenyewe, na sisi tufuate kitabu. Mtu yule ana miaka mingi katika kazi yake. Alinyamaza kwa kuniheshimu, akavitoa vile vipande, akakaza nati kama ilivyoandikwa. Siku ya majaribio hatukumaliza hata robo ya shamba. Habu moja ilitoa moshi, beringi ikashika, na chuma kikapasuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Hakusema neno. Mnunuzi wa chakavu akarudi mara ya tatu.

Usiku ule sikupata usingizi. Mimi niliyelelewa juu ya mkeka wa chuo nalikuwa nimesahau somo la mwanzo kabisa. Mwalimu wetu hakuturuhusu kufungua sharhu kabla hajatuuliza: hii ni sharhu ya matini gani? Sharhu ya kitabu kimoja haisomwi juu ya kitabu kingine. Kila neno lake litakuwa kweli, na msomaji atapotea vilevile. Kitabu nilichonunua hakikuwa na uongo hata mstari mmoja. Mimi ndiye niliyekosa kuuliza ni cha nani.

Tena kulikuwa na mtu ambaye sikumwuliza kabisa. Kwa desturi ya Waluhya, mkwe mwanamume hajongei wala hazungumzi ovyo na mama mkwe wake, na heshima hiyo niliishika. Lakini niliigeuza kuwa kisingizio. Asubuhi nikamtuma mke wangu amwulize mama yake habari za plau. Alirudi akitabasamu.

"Mama anasema haikuwa nyekundu, wala diski hazikuwa mbili. Baba alitoa ya tatu mwaka trekta lilipokuwa dhaifu. Hiyo ndiyo inayofunika pipa la maji pale jikoni, mbuzi wasilifunue. Na habu yake ameihifadhi ghalani, ndani ya gunia, amekuwa akiipaka grisi."

Tulipolifungua gunia, tuliona chuma chenye mabaki ya rangi ya buluu, kwa kuwa kilitolewa kabla marehemu hajaipaka plau rangi ya trekta lake. Chini ya grisi palikuwa na herufi na namba zilizotoka kiwandani. Fundi akakwangua rangi nyekundu kwenye fremu, buluu ikatokea huko nako, pamoja na jina: Ransomes.

Ransomes ni kampuni ya Ipswich, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1789. Mwasisi wake, Robert Ransome, alipata hataza mwaka 1803 ya ulimi wa jembe ambao upande wake wa chini ni mgumu kuliko wa juu, hivyo hujinoa wenyewe kadiri unavyolima. Kumbukumbu za kampuni hiyo zimehifadhiwa katika makumbusho ya maisha ya mashambani ya Chuo Kikuu cha Reading. Mtoto wa dada yangu anaishi Uingereza. Nikampelekea picha za zile namba, naye akaenda kuuliza. Baada ya majuma mawili tukapokea nakala ya kurasa chache, na ndani yake mna vile vipande vya bati, kila kimoja mahali pake. Mna pia maelezo kwamba plau hiyo hutumika kwa diski tatu au mbili kulingana na nguvu za trekta, na gurudumu la nyuma lisogezwe wapi diski moja inapotolewa.

Nilikwenda kumwomba radhi fundi mbele ya wanafunzi wake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomnyamazisha. Habu iliyopasuka nafasi yake ikachukuliwa na ile ya ghalani. Diski ya pipa, ambayo haikulika sana, ikachukua nafasi ya iliyochakaa zaidi. Gharama kubwa ilikuwa beringi mpya.

Machi mvua zilipoanza, plau ilishuka ardhini ikageuza udongo bila kuyumba. Mwisho wa juma la kwanza mama mkwe alimkabidhi mke wangu fedha za karo ya muhula, zimefungwa kwenye leso. Pipa lake sasa lina kifuniko cha ubao, na mbuzi wanalifunua kila siku. Amenitumia salamu kwamba nimtafutie diski nyingine.

Enyi jamaa zangu, katika nyumba zetu mna mashine za kushonea, mapambo ya arusi na hati za viwanja ambazo wenyewe wametangulia mbele ya haki. Kabla hamjatafuta kitabu, kabla hamjaita mwenye mizani, muulizeni mama aliyebaki. Huenda habu iko ghalani, na hakuna aliyemwuliza.

Wabillahi tawfiq.