MAJI YA KILWA: SAFARI ILIYOTIWA KITABUNI

Katika zama zetu hizi kila nyumba ina picha nyingi, lakini nyumba zenye kitabu cha picha ni chache. Simu moja ya mkononi hubeba mamia ya picha zilizochanganyika, ya arusi na ya mazishi, ya mtoto na ya mbuzi, na siku ipoteapo simu, nazo hupotea. Kitabu si hivyo. Kitabu kina mwanzo na kina mwisho, hukaa rafuni miaka mingi, na mjukuu asiyezaliwa bado huja akakifungua. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na khasa vijana, jinsi tulivyokwenda Kilwa Kisiwani na wanafunzi kumi wa madrasa yetu, na jinsi tulivyoitia safari ile kitabuni.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa cha kusini mwa pwani ya Tanzania, mkabala wa mji wa Kilwa Masoko. Mgeni huchukua kwanza kibali katika ofisi ya Serikali pale Masoko, kisha huvuka kwa mashua, nayo si safari ndefu. Huko ndiko ulikokuwa mji mkuu wa biashara uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa mwenyewe. Mwaka 1505 Wareno waliuteka, wakajenga ngome yao. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu mwaka 2004 mpaka 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio khatarini, kwani mvua, mizizi ya miti na mawimbi vilikuwa vikiyala mawe. Mtu akisimama karibu na Gereza, lile jengo la Waarabu wa Omani lililojengwa juu ya mabaki ya ngome ya Wareno, huona kwa macho yake jinsi bahari ilivyo jirani asiyechoka kubisha hodi.

Tuliporejea nyumbani tulikuwa na picha mia moja na arubaini. Tulizichapisha kwa bei nafuu katika duka la picha, tukazitandaza juu ya mkeka, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Swali la kwanza halikuwa picha ipi iliyo nzuri, bali kitabu hiki kinasema nini. Kitabu kisichokuwa na jambo la kusema ni kapu tu. Chochote hutiwa, wala hapana akumbukaye kilichomo.

Wanafunzi walitoa rai tatu. Wengine walitaka kitabu cha masultani, kifuate miaka tangu mwanzo wa mji mpaka kuanguka kwake. Wengine walitaka kila mmoja aonekane amesimama mbele ya kila ukuta. Ndipo binti mmoja wa miaka kumi na miwili akasema, "Mwalimu, mbona kila tulipokwenda palikuwa na maji, au palikuwa na mahali pa maji?" Tukazitazama tena picha, tukaona amesema kweli. Tulivuka maji kufika. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 au ya 12, una mahali pake pa kutawadhia, pamoja na kisima na birika. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan lililojengwa juu ya jabali linaloelekea baharini, lina vyumba zaidi ya mia, na ndani yake lina hodhi kubwa yenye pembe nane. Na maji yale yale ya bahari yaliyoleta jahazi na mali ndiyo yanayoula ufuo leo. Basi maudhui yakawa ni maji.

Yafaa vijana walijue jambo hili: maudhui mema hujulikana kwa yale yanayoyaacha nje. Tulikuwa na picha ya msikiti mdogo wa kuba, wenye bakuli za kigeni zilizopachikwa darini, nayo ilikuwa nzuri kupita zote. Haikusema neno juu ya maji, kwa hivyo tukaiweka kando kwa ajili ya kitabu kingine. Kijana aliyeipiga alinuna siku mbili. Lakini mshika mawili moja humponyoka, na mwenye kutaka kitabu kimoja kiseme mambo yote hakimwambii msomaji hata moja.

Lilibaki jambo zito kuliko hilo. Tulipokuwa kisiwani, mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu alituuliza kwa upole, "Wageni huja wakapiga picha mawe, wakaondoka. Je, huko mwendako watajua kwamba sisi tupo?" Maneno yale tulirudi nayo. Kilwa Kisiwani si makaburi matupu. Wako watu wanaokaa pale, wanavua, wanalima, wanasali na kusomesha watoto wao. Kitabu chenye magofu peke yake kingewaambia watoto wetu kwamba Kilwa imekufa, na huo ungekuwa uwongo uliosemwa kwa picha za kweli.

Lakini picha za watu zina adabu yake. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya picha za viumbe wenye roho, na kila nyumba ina msimamo wake. Sisi tulifuata njia isiyomuudhi mtu: hatukumpiga picha mwenye kusali, hatukumpiga mwanamke yeyote, wala hatukumpiga mtu pasipo idhini yake. Tulipata mikono ya mzee yule juu ya wavu, kwa ruhusa yake. Tukapata ndoo na kamba juu ya ukingo wa kisima kinachotumika hata leo, ukingo umelowa. Tukapata nyayo za watoto katika mchanga wakati wa maji kupwa. Hakuna uso hata mmoja, lakini kila aonaye hujua kuwa watu wapo.

Baada ya hayo tukaja kwenye mpango. Katika picha mia moja na arubaini tulichagua ishirini na nne. Kanuni zetu zilikuwa chache. Picha mbili zinazofanana zisikae pamoja. Picha ya mbali itangulie, ya karibu ifuate, kama vile mgeni aonavyo nyumba kwanza kisha mlango. Kurasa mbili zinazotazamana zizungumze: hodhi kavu ya Sultani upande huu, na ndoo ya kisima iliyojaa upande wa pili. Picha hizo mbili zilipowekwa pamoja, darasa zima lilinyamaza, wala hatukuwa na haja ya kueleza lolote. Chini ya kila picha tuliandika mahali na tarehe, si zaidi.

Sasa palikuwa na mashaka ya namna nyingine. Kitabu hiki kilikusudiwa khasa kwa bibi mmoja wa nyumbani kwetu, aliyezaliwa upande wa Kilwa, ambaye miguu haimruhusu tena kupanda chombo. Bibi huyu alisoma chuoni tu, na kila kitabu hukifungua kwa upande wa kulia. Kwake yeye, picha yetu ya mwisho ndiyo ya kwanza. Basi tukakipanga kama safari ya mashua, ambayo ina kwenda na ina kurudi. Ukurasa wa kwanza ni omo ya mashua inayoelekea kisiwani, na ukurasa wa mwisho ni tezi na mkondo wa maji nyuma yake. Hodhi na ndoo zimekaa katikati. Afunguaye kushoto hufika Kilwa kisha akarejea. Na bibi, afunguapo kulia, huanza penye kuagana na humalizia penye kufika.

Alikisoma kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alipofika kwenye ukingo wa kisima alisema neno moja tu, "Kimelowa," akakaa nao muda mrefu.

Ndugu wasomaji, si lazima mtu aende Kilwa. Kila mtaa una kisima chake, mlango wake wa kale, mwembe wake uliosomewa chini yake. Chagueni jambo moja, liulizeni linasema nini, ombeni idhini ya wenyewe, kisha mfikirini yule atakayekifungua kitabu na mkono atakaokifungulia. Mfanye hivyo maadamu wazee wetu wapo wa kutuambia majina ya mahali, kwani ukuta ukianguka picha huweza kusalia, lakini jina lisiloandikwa huondoka na mwenye kulijua.