Subiri Kidogo, Bibi

Sisi ni ndugu watatu tuliozaliwa na kulelewa Wete, kisiwani Pemba. Mkubwa wetu anaishi Muscat, dada yetu anasomesha Chake Chake, na mdogo wetu amebaki katika nyumba ya wazee pamoja na mkewe, watoto wake na baba yetu. Tunayaandika haya kwa pamoja kwa sababu kosa tutakalolieleza tulilifanya pamoja, na kwa sababu tunadhani nyumba nyingi zetu za leo zinaishi nalo kwa sura nyingine.

Idd el-Fitri iliyopita mkubwa wetu alikuja nyumbani. Katika sanduku lake, chini ya kanzu za watoto na mikebe ya halua, mlikuwa na kijimashine cha rangi ya kijivu kinachoenea kiganjani. Alikiweka juu ya jamvi, akaketi, akatutazama bila kusema neno. Tulikitambua mara moja, ingawa tulichokuwa nacho utotoni kilikuwa kikubwa zaidi na wala hakikuwa cha asili.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo tunaouzungumza, tueleze kwa ufupi. Unaitwa Super Mario Bros., na ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwezi wa Septemba mwaka 1985. Fundi bomba mwenye masharubu anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anakanyaga uyoga wenye miguu na kobe wakorofi, ili amkomboe binti wa mfalme. Zipo dunia nane, kila moja na hatua nne, jumla hatua 32. Mchezaji hupewa roho tatu, na akikusanya sarafu 100 huongezewa moja. Mchezo mzima ulitoshea katika kilobaiti 40 tu. Picha moja ya simu ya leo ni kubwa kuliko hapo mara nyingi. Kwa kubana nafasi, watengenezaji walitumia umbo lile lile kwa mawingu na kwa vichaka, wakabadilisha rangi peke yake. Hayo hatukuyajua tulipokuwa wadogo. Tulichokijua ni kwamba njia uliyokwisha kuipita hairudi: ukienda kulia, kioo kinafunga nyuma yako, na sarafu uliyoiacha umeiacha.

Mashine yetu ya kwanza aliileta mjomba mwaka 1996, naye pia akitokea Muscat. Ilikuwa mojawapo ya zile za kuiga zilizotengenezwa Taiwan na China na kuuzwa kwa wingi katika masoko ya Ghuba. Kaseti yake ya manjano ilijigamba kuwa na maelfu ya michezo. Tulipoichunguza tukakuta ni michezo michache iliyorudiwa-rudiwa kwa majina mapya. Televisheni ilikuwepo nyumbani, kwani Zanzibar ilianza kutazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi miaka ya 1990. Tatizo lilikuwa umeme. Siku zile, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga kufikishwa Pemba mwaka 2010, tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Umeme ulipokatika tulipoteza kila kitu, kwa maana mchezo ule haukuwa na kumbukumbu. Ungeweza kuifikia dunia ya saba kwa jasho, taa ikazimika, ukarudi mwanzo kabisa.

Kwa sababu hiyo, tulipokiwasha kile kijimashine kipya siku ya Idd, tulianza kubishana kabla hata chai haijaletwa. Kinaitwa mashine ya ukumbusho. Nintendo waliitoa mwaka 2016 ikiwa na michezo 30 ya zamani ndani yake. Tofauti yake kubwa ni kwamba inahifadhi. Ukibonyeza kitufe kilicho kwenye mashine yenyewe, mchezo unasita, na unaweza kuiweka hali uliyofikia katika mojawapo ya nafasi nne. Ukifa baadaye, unarudi pale pale ulipohifadhi kana kwamba hukufa.

Mkubwa wetu akasema kwamba mchezo ni ule ule, tofali kwa tofali, na kuwa kuhifadhi ni rehma kwa watu wazima wenye kazi na watoto. Dada yetu akasema kwamba wameutoa roho. Raha yake yote ilikuwa hofu, na asiyeogopa kupoteza hana haja ya kujifunza kuruka. Mdogo wetu akalalamikia nyaya za pedi, ambazo ni fupi hata mchezaji analazimika kuikaribia televisheni kama anayetaka kuingia ndani.

Tulidhani mabishano hayo ni yetu peke yetu, kumbe wapenzi wa mchezo huu duniani wanayabishania yayo hayo kwa miaka mingi. Nintendo walipoutoa upya mwaka 1993, ukiwa na picha zilizopambwa na uwezo wa kuhifadhi, wapo waliofurahi na wapo waliosema kwamba Mario akivunja tofali harudi chini kama alivyokuwa akirudi, ila anaendelea kupanda. Tofauti ya kukonyeza jicho, lakini mkono uliozoea unaijua. Mashine ya mwaka 2016 nayo ilisifiwa kwa uaminifu wake, ikalaumiwa kwa nyaya zake fupi na kwa kuadimika madukani. Mwaka 2020 kampuni hiyo ikakusanya michezo mingine mitatu ya Mario na kuiuza mpaka tarehe 31 Machi 2021 tu, wapenzi wengi wakanung'unika kwamba kumbukumbu zao zinauzwa kwa kuharakishwa. Tunawaelewa. Mtu hapiganii tofali la kuchorwa. Anapigania alasiri fulani na watu waliokuwa wameketi naye.

Nasi alasiri zetu tunazikumbuka vyema. Baba, ambaye alikuwa msomeshaji wa chuo, hakuukataza mchezo. Aliuwekea masharti mawili: usichezwe mpaka kazi za nyumbani na za chuoni zimalizike, na muadhini akianza, usimame. Tuliyatekeleza yote mawili. Adhana ilipoanza tulibonyeza kitufe cha kuanzia, ambacho ndicho hicho hicho cha kusimamishia, tukapunguza sauti ya televisheni, wanaume wakaenda msikitini na dada yetu akaswali nyumbani. Tuliporudi, tulimkuta Mario ananing'inia hewani pale pale tulipomwacha.

Alasiri moja haikuingia katika mazungumzo yetu ya Idd. Kila mmoja wetu aliizunguka kama mtu anavyozunguka shimo kwenye njia ya kwao.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Bibi yetu, mzaa baba, alikuwa ukumbini akichambua karafuu, akizitenga na makonyo yake. Kazi ile ilikuwa yetu sote, lakini alituachia tukacheze, akasema vidole vyake havijachoka. Mkubwa wetu alikuwa ameifikia dunia ya nane kwa mara ya kwanza. Jua lilikuwa linashuka, na bibi akaita aletewe maji ya kutawadhia kabla ya Magharibi. Sisi wanaume tukaitika, "Naam, bibi." Dada yetu akaitika, "Labeka, bibi." Hakuna aliyeinuka. Akaita mara ya pili, tukasema, "Subiri kidogo, bibi." Hakuita mara ya tatu. Aliinuka mwenyewe, akalichukua kopo, akatoka kwenda kwenye pipa la maji, na katika kizingiti cha mlango wa uani akateleza.

Tulisikia kopo kwanza.

Bibi alivunjika nyonga. Aliishi miaka miwili zaidi, akiswali kwa kukaa. Hakurudi tena kwenye karafuu wala hakuwahi kukivuka tena kile kizingiti bila ya mtu kumshika.

Usiku ule baba alituuliza kwa nini hakuna aliyeinuka. Tukamwambia kwamba mchezo ule hausimami. Kwamba ukiuacha, unakufa na kila kitu kinapotea. Nani kati yetu alilitamka neno hilo kwanza hatukumbuki, au pengine hatutaki kukumbuka. Wawili wengine waliitikia kwa vichwa. Baba akatutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hausimami?" Tukasema, "Hausimami." Hakuuliza tena. Mashine tuliirudisha katika sanduku lake sisi wenyewe bila ya kuambiwa, na kuanzia siku ile bibi hakuwahi kuita maji. Tulimpelekea kwa zamu kila kipindi cha swala kabla hajahitaji kuita, na kila mara alituombea dua huku akituangalia usoni.

Tulikua, tukaoa na kuolewa, tukatawanyika. Uongo ule ulibaki pale ulipo, na kwa kuwa ulikuwa wa watatu, kila mmoja alijiona ana theluthi yake tu.

Siku ya pili ya Idd, mtoto wa mdogo wetu, kijana wa miaka tisa, alikuwa ameketi karibu na televisheni kwa sababu ya zile nyaya fupi. Baba, ambaye sasa ndiye mzee wa nyumba, alimwita kutoka chumbani amletee mkongojo wake ili awahi swala ya Alasiri. Mtoto akaitika vizuri kama alivyofundishwa, "Naam, babu." Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye kioo, "Subiri kidogo, babu. Hii haisimami."

Sote watatu tulikuwapo. Hatukutazamana. Mkubwa wetu akainama, akauweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, akabonyeza kile kitufe. Mario akabaki hewani. "Inasimama," akasema, na sauti yake haikuwa ya kukaripia. "Tangu mwanzo ilikuwa ikisimama. Mpelekee babu yako mkongojo."

Baada ya Isha tulikwenda chumbani kwa baba, tukaketi chini mbele ya kitanda chake kama tulivyokuwa tukiketi chuoni. Dada yetu ndiye aliyesema, kwa kuwa sisi wanaume wawili tulishindwa. Alieleza yote, pamoja na neno lile, na akaomba radhi kwa niaba yetu sote.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Mara ngapi nimerudi msikitini nikamwona yule mtu wenu ananing'inia, anawangojeni? Nilitaka kuwachapa. Mama ndiye aliyenizuia. Aliniambia: wakijua kwamba tunajua, watoto hawa wataona haya kuniangalia. Waache waniletee maji, na wakiniletea waniangalie."

Hatukuwa na la kusema. Miaka yote ile tulidhani tunamficha bibi jambo, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitusitiri sisi.

Tangu hapo tumelifikiria upya lile shauri la kuhifadhi na kutohifadhi. Tumekubaliana kwamba katika mchezo halina uzito mkubwa. Atakaye na ahifadhi. Lakini kitufe cha kusimamisha kilikuwemo katika mchezo wa mwaka 1985, kilikuwemo katika mashine yetu ya kuiga, na kimo katika mashine ya ukumbusho. Hatukukosa kitufe. Tulisimama kwa adhana, ambapo kutofika kwetu msikitini kungeonekana na watu, na hatukusimama kwa sauti ya mwanamke mzee aliyetaka maji kwa ajili ya swala ile ile.

Ndugu msomaji mwenye watoto, hatuandiki kukwambia uivunje mashine wala uitupe simu. Tunakushauri jambo dogo. Kabla ya kumruhusu mtoto kucheza mchezo wowote, muulize mbele yako: unasimama au hausimami? Ipo michezo mingi ya leo, hasa ile ya kushindana na watu wa mbali kwa njia ya intaneti, ambayo kweli haisimami mpaka imalizike. Hiyo iwekewe saa yake, wakati ambao mtoto hana mzee wa kumhudumia wala swala ya kuiwahi. Na ile inayosimama, mfundishe kukitumia kitufe tangu siku ya kwanza, akiitwa mara moja tu. Kisha nasi wazazi tujiulize swali lile lile kuhusu simu zetu, kwa sababu watoto wanatusikia tukisema "subiri kidogo" mara nyingi zaidi kuliko wanavyolisema wao.

Kijimashine kimebaki Wete. Mtoto ameifikia dunia ya nne. Akiitwa, nyumba nzima husikia mlio mdogo wa kusita kwa mchezo, kisha nyayo zake ukumbini.

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu, ailaze roho yake mahali pema, na atusamehe sisi na nyinyi. Amin.