Haingii Risasi

Kilwa Masoko
14 Juni 2025

Mjomba wangu,

Mama yako alishikwa na homa wiki iliyopita, lakini sasa anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi, na anakusalimu sana.

Picha kumi na mbili za kitabu chako cha katuni ulizonirushia kwenye simu nimezipata. Sikupenda kuzitazama kwenye kioo kidogo, nikaenda kwa kijana wa stesheneri pale stendi akanitolea kwenye karatasi, nikakaa nazo barazani baada ya Alasiri. Mkono wako umekomaa, mjomba. Ile ya tatu, ngalawa imekwama Kivinje maji yamekupwa, watu wanashuka na mizigo kichwani na tope limewafika magotini, haichoriki na mtu asiyewahi kushuka pale. Nimemwonyesha kila aliyepita barazani.

Lakini umeniomba maoni, ukasema nisikufiche. Stelingi wako sijamkubali, na kilichonishinda ni ukurasa wa saba. Askari sita wanammiminia risasi, yeye kasimama mikono kiunoni, risasi zinadunda kifuani na kuanguka chini kama punje za mahindi. Nyuma yake wanakijiji wanashangilia. Umeandika kwamba kijiji kiko Umatumbi. Nimeuweka kando ukurasa huo, nikaurudia, nikauweka tena. Ili unielewe itabidi nianze mbali kidogo.

Nilianza kukusanya vitabu vya katuni mwaka 1971 nikiwa darasa la tano Lindi. Kaka mmoja wa mtaani, kuli wa bandarini, alileta gazeti la African Film, lile la Lance Spearman, sisi tukimwita Spear. Halikuchorwa, lilikuwa la picha za kamera zilizopangwa kama katuni, maneno yakiwa ya Kiingereza ambacho hatukukijua. Mkubwa mmoja aliyefika sekondari alikuwa akitusomea chini ya mwembe, na kila akirudia hadithi inabadilika, nasi tunagombana naye. Spear alivaa suti safi na kofia, ndevu zimekatwa vizuri kidevuni, anaendesha gari la Corvette Stingray. Mtu mweusi, mpelelezi, hamwogopi yeyote. Aliyepigwa picha kama Spear alikuwa Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, na waliolitoa gazeti ni kampuni ya Drum ya hukohuko. Fikiria: wapiganaji wa FRELIMO wako Nachingwea wanafunzwa vita, shuleni tunafundishwa kuwachukia makaburu, na shujaa wetu wa kwanza anatoka katika nchi yao. Hakuna aliyetuambia, na hata tungeambiwa nadhani tungemshika vilevile.

Kilichonifunga kwa Spear ni kwamba alikuwa anapigwa. Alikamatwa, akafungwa kamba, akalala chini hajitambui, na wewe msomaji umefika mwisho wa ukurasa hujui atatokaje. Tulikuwa tukisema stelingi hafi, lakini tulisema kwa hofu.

Baadaye likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake ni silabi za waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo. Humo ndimo nilimokutana na kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 angali kijana. Ninazo nakala zinazojaza sanduku zima la bati. Ndumilakuwili, Madenge, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi: hakuna hata mmoja anayeruka angani. Wanadaiwa, wanafumaniwa, wanakimbizwa mtaani, na toleo lijalo wamerudi na mpango mwingine. Wewe ukilipata gazeti lako siku lilipotoka hujui tabu yetu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mvua zikikolea barabara ya kusini imekufa, magari yamepanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu au yamezama kwenye matope kabla hayajafika. Sani ya Machi niliisoma Juni. Nilikaa miezi mitatu nikiwaza Ndumilakuwili alitokaje mle ndani ya kabati, nikatunga njia zangu tano, na mojawapo mpaka leo naiona nzuri kuliko ya kwenye gazeti.

Mashujaa wa kizungu nilianza kuwanunua Dar mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini kule Posta. Superman wanne, Batman wawili, X-Men mmoja asiye na jalada. Usije ukadhani nawachukia. Superman nimemsoma na kumfuatilia mpaka kwao. Waliomtunga walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa Wayahudi waliohamia Marekani. Mwaka 1932 baba yake Siegel alifia dukani kwake wezi walipomvamia. Miaka sita baadaye, mwaka 1938, kijana yuleyule anatoa katuni ya mtu asiyeingiwa na risasi. Haki zote waliziuza kwa dola 130. Nilipokisoma kisa hicho nilikiangalia kile kifua cha Superman kwa jicho jingine. Ni mtoto anayetamani baba yake angekuwa hivyo. Namwelewa, na ninaamini hadithi za Superman zimedumu kwa sababu kidonda hicho kimo ndani yake hata pasipotajwa.

Sasa rudi kwenye kijiji chako. Ulikichora Umatumbi, na Nandete iko Umatumbi. Julai 1905 watu wa Nandete waliingia kwenye shamba la pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kulima, wakaing'oa. Kabla ya hapo walikuwa wamepita Ngarambe kwa Kinjeketile Ngwale na kupewa maji, yaliyochanganywa na mafuta ya mbono na mtama. Risasi za Mjerumani zitageuka maji, waliambiwa. Unaona, mjomba? Kule Marekani kutoingiwa na risasi kulichapishwa kwenye karatasi na kuuzwa senti kumi. Huku watu walikunywa, wakajipaka, wakaenda nako mbele ya bunduki. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Siku ya 30 ya mwezi huohuo watu walilivamia boma la Mahenge mchana kweupe, wakikimbia kuelekea kwenye bombomu. Wanaohesabu waliokufa, kwa vita na kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, wanaanzia 75,000 na kufika karibu 300,000.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtoto wakati huo. Alitusimulia mara moja tu, tukimenya mihogo. Alisema kaka yake aliondoka amefunga kibuyu kidogo shingoni, na siku aliyorudi mwenzake peke yake, mama yao hakuuliza amekufa vipi. Aliuliza kama maji yale alikunywa yote au alibakisha. Alidhani pengine hakumaliza.

Ndiyo maana ukurasa wa saba umenikaa kooni. Wale wanakijiji uliowachora wakishangilia ni watu wangu, na ni watu wako.

Wala sikuambii kwamba Kinjeketile alikuwa mwongo. Soma tamthilia ya Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani yetu hii, iliyotoka 1969. Mle Kinjeketile anaona mapema kwamba maji yamewaunganisha watu ambao jana walikuwa hawasemezani, na anaona pia kwamba yatawaua. Mwishoni anatakiwa atamke kwamba maji ni uongo, naye anakataa, maana wakiambiwa maji ni uongo wataambiwa na madai yao ni uongo. Huyo ndiye shujaa. Risasi ingemwingia, kamba inamkaba, na bado hujui umlilie au umgombeze. Ukinichorea usiku mmoja tu, mtu amekaa nje ya nyumba na kibuyu mkononi, mkewe mlangoni, kesho asubuhi wanaondoka, nitakinunua kitabu chako nakala hamsini.

Umeniandikia kwamba wenzako wanataka nguvu, wanataka Black Panther wa Kitanzania. Black Panther nampenda. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa mwaka 1966, na ile filamu ya 2018 nilikwenda kuiona Dar nikiwa na rafiki yangu wa zamani, watu wazima wawili kati ya watoto. Lakini kumbuka ukumbi mzima ulinyamaza lini. Ni pale mfalme anaposhindwa na kutupwa kwenye maporomoko. Nguo yake ya ajabu haikumnyamazisha mtu.

Na sisi tulilijua jambo hilo zamani kuliko Wamarekani. Liyongo Fumo hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Akatoka mpaka kisimani, akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa hawateki maji, wakimwona mzima. Hiyo picha, mjomba! Maiti imepiga goti, upinde umevutwa, na kule mbali wanawake wamesimama na mitungi mitupu. Nimeisubiri kwenye karatasi tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Kama utachora, usimchore uso. Mchore kwa nyuma, kutoka waliposimama wale wenye mitungi.

Jambo jingine, uliniuliza kama nina mpango wa kuuza. Najua mambo ya bei. Nakala ya ile Superman ya kwanza iliuzwa dola milioni 6 mwezi Aprili mwaka jana, imefungwa ndani ya plastiki ngumu na kupewa alama kama mtihani. Haifunguliki tena. Mimi kitabu kisichofunguliwa nakihesabu kimekufa. Vyangu vina mafuta ya vitumbua, vina majina ya watu watatu au wanne kwenye jalada, wengine marehemu sasa. Kimbunga Hidaya kilipotupiga Mei mwaka jana maji yaliingia mpaka chumbani, na nilipokuwa nimesimama gizani sikupata nafasi ya kufikiri, mikono ilikwenda yenyewe kwenye sanduku la Sani. Superman nilimkuta asubuhi amelowa, kurasa zimegandana. Nilizianika nakala zote kwenye kamba, mbili zikapona.

Ukichapisha, nakusihi usibane kwa pini za stepla. Chumvi ya huku haina huruma. Pini inaanza kutu ndani ya mwaka, kutu inatoka kama duara la rangi ya chai, inakula karatasi kurasa nne tano kwenda mbele, halafu siku moja ukurasa wa katikati unakudondokea mkononi. Mimi huzing'oa kwa ncha ya kisu, nafuta tundu kwa pamba kavu, nashona kwa uzi ule mnene wa fundi viatu, mishono mitatu, fundo kwa nje. Sandukuni natia karafuu nzima zilizofungwa kwenye kitambaa, na kila baada ya masika nafungua kila kimoja, ukurasa kwa ukurasa, hewa iingie. Inanichukua siku nne. Ukipata likizo njoo tufanye wote.

Kesho nampa konda wa basi la asubuhi boksi lako. Mna Spear tatu, Sani kumi na moja, na Abunuwasi wa Gado aliyechapwa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996. Uangalie anavyochora mikono ya watu. Konda atashuka Rangi Tatu kwenye saa nane mchana. Nenda mwenyewe, usimtume mtu. Spear iliyo juu kabisa usiikunjue kwa nguvu, uzi wake nimeushona juzi na karatasi imechoka.

Ukurasa wa saba nimeuweka ndani ya Sani ya mwisho, kwenye sanduku la bati. Ukileta mwingine nitakurudishia.

Ni mimi mjomba wako