Likizo ya Padri Wetu Kwao Flandre

Kila mara Padri wa misioni anapofunga sanduku lake kwenda likizo, watoto wa shule hutuuliza swali lile lile: "Mwalimu, Padri anakwenda kufanya nini kwao?" Nasi wakubwa tujibu nini? Wengi wetu hudhani kwamba Padri akifika Ulaya hulala usingizi, hula vizuri, hukusanya fedha na nguo, kisha hurudi na masanduku yamejaa. Hatufikiri kwamba huko anakokwenda kuna mlango unaofunguliwa na mtu aliyemngoja. Mwaka jana tulijaliwa kuuona mlango ule kwa macho yetu, na tumeona ni wajibu wetu kuwasimulia.

Padri wetu ni mzee. Alifika kwetu, kando ya Ziwa Tanganika, akiwa kijana mwenye nywele nyeusi. Leo hana nyeusi hata moja. Miezi ya mwisho moyo wake ulianza kumsumbua, na miguu ilivimba. Jamaa zake wakatuma nauli ya watu wawili, maana waliogopa asije akaanguka njiani peke yake. Wazee wa parokia wakatuchagua sisi tumsindikize. Lakini walitupa na mzigo mwingine: barua, iliyotiwa sahihi na wazee wote na viongozi wa jumuiya, ya kuwapa ndugu zake. Maneno yake yalikuwa machache: Padri ni wetu, tunaomba mturudishie. Tuliitia barua ile katika mfuko wa koti, na tangu siku ile ikawa nzito kuliko sanduku.

Tulikwenda kwa mashua hadi Kalemie, toka huko kwa ndege hadi Lubumbashi, na siku ya tatu tulikuwa Brussels. Njiani tuliwakumbuka Mapadri Weupe wa kwanza. Wao walishuka melini Zanzibar, wakatembea kwa miguu miezi mingi mpaka ziwani, na wengi walizikwa kabla ya kujifunza lugha vizuri. Siku zile hapakuwa na likizo. Mama aliyemuaga mwanawe bandarini alimuaga kama mtu anayemuaga marehemu.

Kwao Padri ni Flandre ya magharibi, karibu na Ardooie, mji mdogo ulio kati ya Roeselare na Tielt. Jina hilo Wakristu wa kwetu wanapaswa kulijua, kwa sababu ndipo alipozaliwa Askofu Victor Roelens mwaka 1858. Ndiye aliyempa daraja ya upadri Stefano Kaoze mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kuwa padri katika nyakati zetu hizi. Askofu huyo alifia Baudouinville, ambayo leo tunaiita Kirungu, mwaka 1947. Katika Ardooie ipo sanamu yake. Tulisimama mbele yake kwa kitambo. Leo watu wa huko, kama wa kwetu, huuliza juu ya wamisionari na utawala wa kikoloni waliokwenda pamoja nao. Nayo ni maswali ya haki. Sisi siku ile tuliwaza jambo moja tu: kumbe mtu huyu naye alikuwa na kijiji, na njia ya kwenda shuleni.

Nchi ile ni tambarare kama meza. Hakuna mlima wa kupumzisha jicho. Mnara wa kanisa ndio mlima wao, na kila kijiji unaweza kukitambua kwa mnara wake tangu mbali. Mashamba ni ya viazi, mahindi ya ng'ombe, na mboga za kila namna. Kwenye njia panda utaona vikanisa vidogo vya Bikira Maria, vingine havimtoshi hata mtu mmoja kupiga magoti ndani, na mara nyingi utakuta maua mabichi. Mwezi wa sita jua halitaki kulala: saa nne ya usiku inapokaribia bado mwanga upo, na watoto wanaendesha baiskeli barabarani. Usiku wa kwanza tulingoja giza ili tusali sala ya jioni, mpaka Padri akacheka, akasema, "Mwalimu, ukingoja giza hapa utasali pamoja na masifu ya asubuhi."

Aliyefungua mlango alikuwa dada yake, mwanamke wa miaka zaidi ya 70, mnyofu, mwenye mikono ya kazi. Hakupiga vigelegele kama mama zetu. Alimshika kaka yake mabega, akamtazama sana, akasema neno moja kwa Kiflandre. Baadaye Padri alitufasiria: "Umekonda." Kisha akamwaga kahawa. Kwao machozi hupita kwanza katika kikombe cha kahawa.

Wapwa zake na wajukuu walipofika Jumapili, wote walimwita Nonkel Pater. Maana yake ni Mjomba Padri. Au Baba Mdogo Padri, au Baba Mkubwa Padri, kwa kuwa lugha yao haitofautishi, wote huitwa kwa neno moja. Tulipowaeleza kwamba kwetu mjomba ni mtu mwingine kabisa na haki zake ni zake, vijana walicheka sana, wakataka kujua ni nani kati yao angemdai Padri mbuzi.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inajulikana hata Flandre bila kufundishwa. Siku ya tatu yule mama alitupa uma wa kuchimbia, akatuonyesha tuta la viazi nyuma ya nyumba. Tulichimba naye kila asubuhi, tukizungumza Kifaransa, chetu kibovu kidogo na chake kibovu kidogo, na hivyo tuliyajua mambo ya nyumba ile.

Tulijua kwamba alipokuwa mtoto shuleni, yeye na wenzake walikusanya stempu zilizotumika na karatasi za fedha zinazofunga chokoleti, ili ziuzwe kwa ajili ya misioni. Tulijua kwamba kaka yao alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, naye ndiye aliyetazamiwa kurithi shamba. Alipokwenda, baba yao alilima peke yake mpaka mgongo ukapinda. Tulijua kwamba wakati wa vita iliyoanza mwaka 1998, miezi mingi hawakupata habari yoyote toka kwetu. Mama yao aliwasha mshumaa kila Jumamosi mbele ya Bikira Maria, na katika miezi hiyo akafariki. Habari ya kifo chake ilimfikia Padri baada ya majuma mengi. Ndugu wasomaji, tulikumbuka siku ile. Padri alisoma Misa kama kawaida, akafundisha katekismu kama kawaida, na sisi hatukumwuliza neno. Tulidhani wazungu hawalii.

Jumapili tulikwenda kanisani. Kanisa lile lingetosha watu mamia, lakini tulihesabu vichwa 30, karibu vyote vyeupe kama pamba. Misa haipo kila Jumapili, kwa maana padri mmoja anavitumikia vijiji vingi. Kengele ikalia, padri akatoka sakristia. Wasomaji, mioyo yetu iliruka: padri yule alikuwa Mkongo, mwana wa Kasai! Aliongoza Misa kwa Kiflandre, taratibu, na wazee wale walimwitikia. Padri wetu, kwa sababu ya miguu yake, hakupanda altareni; aliketi katika benchi pamoja na dada yake, pale pale alipoketi utotoni. Akapokea Ekaristi Takatifu toka mkono wa kijana wa Kongo. Baada ya Misa waliamkiana kwa Kiswahili, ingawa yule wa Kasai alikijua kidogo tu. Padri wetu alitutazama akasema, "Umeona, Mwalimu? Deni limeanza kulipwa."

Mwezi wa nane jamaa walituchukua kwa gari mpaka Leuven na Scherpenheuvel. Katika Leuven tulisali kaburini pa Mtakatifu Damien. Alizaliwa Tremelo mwaka 1840, naye hakuchaguliwa kwenda misioni; aliyechaguliwa ni kaka yake, Padri Pamphile. Kaka alipopatwa na homa kali ya tifusi, mdogo akaomba kwenda mahali pake. Mwaka 1863, kabla ya kuondoka, alimuaga mama yake katika Scherpenheuvel, mahali pa hija pa Bikira Maria. Hakurudi likizo hata mara moja. Mwaka 1873 alikwenda kukaa na wakoma wa kisiwa cha Molokai, akaupata ugonjwa wao. Mama yake akafariki mwaka 1886, naye mwenyewe mwaka 1889. Alirudi nchini kwao mwaka 1936 katika jeneza, na mwaka 2009 Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI alimtangaza kuwa mtakatifu.

Kanisa la Scherpenheuvel lilimalizika mwaka 1627. Lina pande saba, na kuba lake limepambwa kwa nyota za dhahabu. Yule mama alinunua mishumaa miwili, akawasha mmoja, akatupa sisi wa pili. Tulipokwisha kusali, tukaketi nje kwenye benchi. Akatuambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kaka yangu ameniambia kwamba una barua yangu."

Tuliona haya. Miezi miwili tulikuwa tumekula mkate wake, na barua iko mfukoni. Tulimpa. Ilikuwa ya Kiswahili, basi ikatupasa kuifasiri sisi wenyewe, neno kwa neno: Padri ni wetu, tunaomba mturudishie. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwaka ule alipokwenda, mama yangu na mimi tuliandika barua kama hii kwa wakubwa wa shirika lake. Maneno ni karibu yale yale. Mama aliiweka kabatini, wala hatukuituma." Akaikunja barua yetu vizuri, akaitia katika mkoba wake. Hakuongeza neno, nasi tulikosa la kujibu.

Mwanzo wa mwezi wa tisa daktari alitoa shauri lake: moyo wa Padri unahitaji kuwa karibu na hospitali kubwa, safari ndefu ni hatari. Wakubwa wake wakamwomba abaki. Padri alikwenda bustanini peke yake, akakaa muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Niliahidi utii nilipokuwa kijana, sasa ndipo inapogharimu." Jioni ile alituandikisha mambo ya kufanya: majina ya wakatekumeni wanaosuasua, mjane wa kutembelewa, na deni lake la mikeka miwili kwa fundi wa sokoni, tulilipe mara tukifika.

Siku ya kuondoka mbayuwayu walikuwa wamejipanga juu ya nyaya za umeme. Ndege hao hujenga viota katika mabanda ya ng'ombe ya Flandre, na baridi inapokaribia hurukia Afrika, hata nchi yetu ya Kongo. Padri aliwatazama, akasema: "Hao hawaombi ruhusa ya daktari." Akatubariki. Dada yake alimshika mkono, nasi tukaingia garini peke yetu.

Tulipoisoma habari hii parokiani, wengine walilia, na wengine walinung'unika kwamba hatukusema kwa nguvu. Tunakiri, hatukusema kwa nguvu. Tulikwenda tukidhani kwamba tumempoteza baba yetu. Tukakuta nyumba iliyompoteza mwana na kaka kabla yetu, ikanyamaza miaka yote hiyo ili sisi tumpate. Hata siku moja hatukuwaandikia asante. Sasa wanafunzi wa darasa la sita wamekwisha kuandika, na barua imekwenda.

Tena kuna neno moja kwa jamaa zote za Kikristu. Siku hizi wana wa Kongo nao wanakwenda kuhubiri mbali, hata Flandre. Basi mama wa Scherpenheuvel yuko pia Kasai, yuko Katanga, yuko Kivu. Mwanawe akija likizo, tusimpokee kama duka lililofunguliwa, kila mmoja na ombi lake la ada, la simu, la bati. Tumwache kwanza akae na mama yake, achimbe naye mihogo, amwonyeshe kwamba hakukonda. Naye anapofunga tena sanduku lake, tumsindikize mama hadi nyumbani, kwa sababu anarudi katika nyumba yenye kiti kitupu.

Tumwombe Bikira Maria awalinde wale waliotumwa, na wale waliokubali kuwatoa.