Babu, hizo si gololi

Jamani wadau, nimepotea wiki mbili, najua. Msinisute. Kwanza bumu lilichelewa, halafu tesiti zikafuatana kama daladala za asubuhi, halafu Jumamosi moja nikaenda nyumbani Mbagala kufua nguo tu, nikarudi hapa chuo Chang'ombe na jambo limenikaa kichwani. Nimejaribu kulimezea, limegoma. Leo nalitoa.

Kwa wageni: mimi niko mwaka wa tatu ualimu, kemia na baiolojia. Na nyumbani tunaishi na babu mzaa baba, mzee wa Rufiji, mwenye utani hadi basi. Nikiingia tu namwamkia "shikamoo mume wangu," naye anaitika "marahaba mke wangu, leo umeniletea nini?" Mama anacheka, baba anajifanya hasikii.

Babu alikuwa na gobore. Na si la wizi, alikuwa na kibali chake, kazi yake kulinda shamba la mpunga dhidi ya nguruwe na nyani. Kwa wasiolijua: gobore halipokei risasi za kununua. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha risasi ya mviringo iliyoviringishiwa kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, ndipo unalenga. Ukikosa, nguruwe hakungoji uanze upya. Mwenzangu wa chumbani anasoma historia, ndiye aliyenieleza kwa nini wazee wetu wengi walibaki na bunduki za aina hii. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, ila zile za zamani za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, zikaachiwa mlango. Yaani tuliruhusiwa zile ambazo wao walishazichoka.

Risasi zenyewe babu alizitengeneza nyumbani. Gobore aliisalimisha polisi kabla hajahamia Dar, ila kalibu alikuja nayo. Ni kitu kama koleo, cha chuma, kina vishimo viwili vinavyokutana vikawa duara. Na mjini hapa hakuna nguruwe wa kupiga, kwa hiyo risasi za nguruwe zimegeuka chubwi za samaki. Anasubu (hilo ndilo neno lake, mimi ningesema anayeyusha na kumimina), kisha anatoboa kwa keekee, na jamaa mmoja anakuja kuzichukua kwa ajili ya wavuvi wa Kigamboni. Naomba niseme mapema, kabla hamjamhukumu babu yangu: pesa niliyopungukiwa siku ya kusajiliwa mwaka wa kwanza ilitoka kwenye chubwi hizo. Alinihesabia noti za elfu mbili mbili, zina masizi.

Basi Jumamosi hiyo nafua uani, mdogo wetu wa mwisho, ana miaka minne, anacheza gololi peke yake pembeni. Nikaona shavu limetuna. Nikamwambia tema. Akatema kiganjani mwangu. Nilidhani ni gololi ya kioo. Ilikuwa ya kijivu, nzito kuliko ukubwa wake, imelowa mate.

Nilisimama pale povu likinikauka mikononi.

"Babu, hizi unamwachia mtoto?"

"Si gololi tu hizo, mke wangu. Hata baba yako kazichezea, na leo si fundi mzima?"

Sasa hapo ndipo penye kazi. Darasani ningejibu kwa dakika mbili. Ningeandika ubaoni Pb, ningesema metali hii mwili unaidhania ni kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa miaka na miaka. Ningesema mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na kinachoumia zaidi ni ubongo unaokua. Ningesema Shirika la Afya Duniani halijapata kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama. Maswali? Hakuna? Tuendelee.

Lakini mbele yangu hakukaa form two, alikaa mzee aliyenisomesha. Na baba yangu hawezi kumwambia baba yake acha kazi. Mjukuu anaweza, kwa sababu ya utani, ila hata utani una mipaka yake. Nikaamua kuanza kama mwanafunzi. Nikamwambia, babu, hebu nifundishe.

Alifurahi! Akawasha jiko la mkaa, akaweka sufuria yake kuukuu. Akanionyesha malighafi: vile virisasi vinavyobanwa kwenye rimu ili tairi lisiyumbe, na mabamba ya betri mbovu za magari anazopasua mwenyewe. Akaniambia risasi nzuri ni ile unayoikwaruza kwa ukucha ikashika alama. Ya betri ni ngumu zaidi, ina mchanganyiko, na kwa gobore haifai sana, ila samaki hajali. Inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, mkaa wa kawaida unaipita mbali. Ikawa kama kioo kwenye sufuria. Akatupia kipande cha nta ya nyuki, ikawaka, taka zikapanda juu, akazikusanya kwa upawa na kuzimwaga chini kando ya jiko. Kalibu akaifukiza kwanza kwa moshi wa koroboi ili risasi isigande ndani, na akaipasha moto, maana kalibu ya baridi inatoa risasi yenye makunyanzi. Akamimina taratibu bila kukatisha, maana ukikatisha inabaki pengo la hewa ndani, na risasi yenye pengo haiendi unakoilenga. Akafungua. Ikadondoka duara safi ina kikonyo juu kama embe dogo. Akakata kikonyo, akakirudisha sufuriani.

Nilipima kwa rula, milimita 15. Kwa hesabu ya ujazo mara 11.34 ni gramu 20 kamili. Jumatatu niliipima maabara ikasoma 19.7. Mzee hajawahi kugusa mizani ya maabara, jamani. Kuna ufundi pale, na nikiusema kwa dharau nitakuwa mwongo.

Ila niliona pia upawa. Ni upawa wa mama, wa maharage. Na zile taka alizomwaga zilikuwa zimeshapoa zikawa unga wa kijivu, na kuku anapita juu yake, na mtoto anakaa hapohapo. Watu wengi wanaogopa moshi. Moshi nao si mzuri, lakini kwenye moto wa nyumbani kinachoingia mwilini kwa wingi ni ule unga: kwenye vidole, kwenye nguo, kwenye sakafu, kisha mdomoni. Na kupasua betri ndiko kubaya kuliko kote.

Nikamuuliza, babu, kwenye kazi hii unaogopa nini? Akajibu bila kufikiri: maji. Tone moja likiangukia kwenye risasi iliyoyeyuka, hulipuka ikamrukia mtu usoni. Ni kweli kabisa, tone linageuka mvuke ghafla na kutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Akanionyesha kovu la mkono wa kushoto. Halafu akacheka: "Sie kwetu Rufiji maji na risasi haviivi chungu kimoja tangu zamani." Anamaanisha Kinjekitile wa Ngarambe, yule aliyewapa watu dawa ya maji, kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905, na risasi hazikugeuka. Babu husema watu wale hawakuwa wajinga, walikuwa wamechoka.

Nikaona mlango umefunguka. Nikasema, babu, maji unayaogopa kwa sababu yana kishindo. Je, kisicho na kishindo?

Nikamsimulia Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi karibu na Dakar, Senegal. Kule mafundi walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kusubu vizito vya nyavu, kama yeye tu. Unga ukachanganyika na mchanga kwa miaka. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuchekecha ule mchanga ili wauze. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto wadogo 18. Nikamsimulia na Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua ikaonekana ni risasi. Akapigana hadi kiwanda kikafungwa 2014, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaiondoa amri hiyo, ila Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sikusema "na wewe babu." Sikuweza. Nilimalizia kwa kusema tu kwamba watoto wale hawakusikia maumivu siku ya kwanza, wala ya pili.

Babu alinyamaza muda mrefu. Akaikoroga ile risasi, akaiangalia. Kisha akasema, kama anaongea na sufuria: "Kumbe ni panya. Anauma huku anapuliza."

Wadau, mimi nina noti za mhadhara kurasa nane kuhusu metali nzito. Hakuna sentensi hata moja ndani yake inayolifikia hilo la babu.

Jioni hiyo hakula na sisi, na mimi usiku sikulala. Nilijiona mtoto mtovu wa adabu aliyesomeshwa kwa chubwi akarudi kuzitukana. Alfajiri nikamkuta nyuma ya nyumba, kule kwenye uzio, anahamisha jiko. Akaniambia, "Betri naacha. Virisasi vya tairi siachi, nisije nikawa mzee wa kuomba hela ya tumbaku." Tukakubaliana mengine: upawa wa mama basi tena, anunue wake; sufuria ile isiguse jiko la ndani; shati la kazi libaki huko nje; sabuni kabla ya kushika chakula; unga ukishapoa ufutwe kwa kitambaa kibichi, si kufagia; na watoto wasisogee. Mama nikamwambia aongeze dagaa na matembele, maana mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Gololi za kijivu tulizisaka uvunguni na kila kona. Tulipata kumi na saba.

Sasa mdogo wangu. Kituo tulichompeleka hawana kipimo cha risasi kwenye damu, wakatuelekeza hospitali kubwa. Tunasubiri pesa, nami nasubiri bumu la pili. Mama kaniuliza kwenye simu kama ule uzito wake wa kushika kuhesabu unatokana na hilo. Nikamjibu sijui mama, watoto wa miaka minne wako tofauti. Ni kweli sijui. Na kwa baba yangu vilevile, angekuwa nani kama asingezichezea, hakuna atakayetuambia.

Kiswahili chetu kilishasema zamani, bwana: metali hii inaitwa risasi, na kile kinachoua kinaitwa risasi. Sisi tukadhani hadi kwanza ipigwe.

Haya, kesho saa mbili nina tesiti ya saikolojia ya elimu na sijagusa kitu. Kama kwenu kuna mzee, mjomba au jirani anayeyusha vitu hivi karibu na watoto, mwambieni. Msingoje mpate digrii. Ila anzeni na shikamoo, na kabla hamjamfundisha, mwombeni awafundishe.