Jina Lililorukwa Noeli

Nikiwa frateri, nilitengenezea parokia programu ya kutukumbusha marehemu wetu, majina yao yasomwe Misani kila mwaka. Niliondoa mwaka, nikabakiza mwezi na siku: 25 Desemba ikawa 1225, 6 Januari ikawa 0106.

Noeli ilipofika, orodha ilitoka tupu. Mama mmoja mjane alisubiri jina la mumewe, aliyefariki 28 Desemba. Halikusomwa.

Kosa lilikuwa langu. Niliagiza tarehe ianzie 1225 NA isizidi 0106. Tarehe ya namna hiyo haipo. Kipindi kikivuka mwaka, neno ni AU.

Nilimwomba mama radhi. Akanijibu, “Frateri, Mungu hakumsahau. Nanyi msimsahau tena.”

Tangu hapo, kila Noeli naipitia orodha mwenyewe, jina kwa jina.